Jibu kwa dada wa Nakuru: The Vampire Diaries, misimu yote minane, na binti wa miaka 14

Dada, habari za Nakuru. Nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuamua kujibu. Umesema binti yako ana miaka 14, ametazama msimu wa kwanza wa The Vampire Diaries, tamthilia ya Marekani, kwa rafiki yake likizo hii, na sasa anataka kuimaliza nyumbani. Unataka kujua kama hadithi ya wanyonya damu itamharibu, na kama misimu minane yote ina maana au ni kukesha bure. Mmoja hapo juu amekujibu kwamba ni ushetani mtupu, azimiwe runinga. Mwingine amesema aishie msimu wa tatu. Mimi nimeitazama yote, sehemu 171, nyingine mara tatu. Jibu langu ni kwamba mwache aitazame, walau mpaka mwisho wa msimu wa sita, lakini uketi naye. Kueleza kwa nini itabidi nianzie nyumbani kwetu.

Baba yetu alifariki Agosti 2010 kwa ajali ya barabarani. Nilikuwa na miaka 15, kidato cha pili, shule ya bweni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 11. Tuliishi Manyatta, Kisumu, na mama alikuwa akiuza nguo za mitumba pale Kibuye. Shangazi, dadake baba, akahamia kwetu kumsaidia. Likizo ya Desemba ilipofika, binamu yangu aliyekuwa na duka la muvi Kondele aliona nashinda nimekaa tu, siongei, akaniletea DVD moja iliyobanwa msimu mzima wa kwanza, sehemu zote 22. Picha ilikuwa na ukungu na sauti ilikuwa ikitangulia midomo. Niliiweka ili nyumba isiwe kimya, basi.

Sehemu ya kwanza inaanza na msichana wa miaka 17, Elena Gilbert, akiandika shajara asubuhi ya siku ya kurudi shule. Wazazi wake wamekufa miezi michache iliyopita, gari lao lilipotumbukia mtoni kwenye daraja la Wickery. Yeye alikuwa ndani ya gari hilo na ndiye peke yake aliyetoka. Anajipangia kwamba leo atatabasamu, na kila atakayemuuliza atamwambia yuko sawa. Dada, mimi tangu siku ya mazishi nilikuwa nimejibu "sijambo" pengine mara elfu. Lugha yetu haikuachii nafasi: mtu akikuuliza hujambo, jibu limeshakatwa na kushonwa kabla hujafungua kinywa, na hata aliyelala njaa hujibu sijambo. Nikamwona mtoto wa Marekani, mji wa kubuni wa Mystic Falls huko Virginia, anafanya kazi ile ile niliyokuwa nikiifanya kila asubuhi kwenye foleni ya uji. Vampaya alikuwa hajaonekana vizuri, na mimi nilikuwa nimeshanaswa.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wanaotoa ushauri hapa wanadhani tamthilia hii inahusu damu na ndugu wawili wanaogombea msichana. Ni kweli ndugu wapo, Stefan na Damon Salvatore, waliogeuzwa vampaya mwaka 1864 na mwanamke mmoja, Katherine, ambaye sura yake ni ile ile ya Elena. Mwigizaji ni mmoja, Nina Dobrev, na ukimwangalia utajua huyu ni nani kabla hajasema neno, kwa jinsi anavyoinua kidevu tu. Lakini chini ya mapenzi yote hayo kuna nyumba yenye matanga. Watoto wawili yatima wanalelewa na mama mdogo wao, Jenna, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo na hajui hata kupanga chakula cha jioni. Kaka mdogo, Jeremy, ameingilia bangi na vidonge. Hiyo ndiyo nyumba niliyoitambua.

Sasa sikia jambo lililonifanya nisimamishe DVD. Jeremy anampenda msichana anayeitwa Vicki, Damon anamgeuza Vicki kuwa vampaya, na mwisho Stefan anamuua mbele ya Jeremy ili kumwokoa Elena. Kijana anavunjika. Elena, kwa huruma, anamwomba Damon amfute Jeremy kumbukumbu ile. Vampaya wa humu wana uwezo huo, kumtazama mtu machoni na kumwamuru asahau, au afanye wapendalo wao. Jeremy anaamka mwepesi, anasoma vitabu, anacheka. Baadaye anakuja kusoma shajara ya dada yake na kugundua kwamba msiba wake mwenyewe alinyang'anywa. Kwetu, baba alipofariki, wazee wa familia walikubaliana mdogo wangu asiambiwe mpaka mwili ufike nyumbani. Siku tisa aliambiwa baba yuko hospitali. Aliambiwa ukweli na mtoto wa jirani kwenye mfereji wa maji, huku ameshika mtungi. Hakuna aliyetaka kumuumiza, wote walimpenda. Mpaka leo ukimtajia zile siku tisa uso wake hubadilika. Kwa hiyo Jeremy alipomkabili dada yake, mimi nilijua hasira ile inatoka wapi, na kwa mara ya kwanza nilimwita mdogo wangu aje akae nami atazame. Tuliendelea pamoja kwa zaidi ya miaka sita.

Kuhusu ushetani. Januari ile bibi yetu, mamake baba, alikuja kutoka Nyakach. Kwetu tunamwita dana. Alikaa nyuma yetu akisugua miguu kwenye maji ya vuguvugu, akatazama kidogo, akauliza hawa watu wanafanya nini na shingo za wenzao. Nikamweleza. Akasema, kumbe ni kachinja. Ninyi wa umri wangu huenda hamjalisikia. Pwani walisema mumiani, Nairobi wakasema wazimamoto, huku kwetu kachinja: watu ambao enzi za mkoloni ilisemekana wanakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ikauzwe. Dana alikua akiogopa gari lolote linalosimama gizani. Tofauti aliyoiona yeye, na ambayo nimeifikiria tangu siku hiyo, ni kwamba kachinja hana majuto wala mapenzi, ana mwajiri. Hawa wa Mystic Falls kila mmoja alikuwa mtu na bado anakumbuka.

Kilichompendeza dana hasa ni ile sheria ya mlango. Vampaya hawezi kuingia nyumba ya mtu aliye hai mpaka mwenyewe amkaribishe. Anaweza kusimama kizingitini, acheke nawe, akupe zawadi, lakini mguu hauvuki. Sisi tumelelewa kwenye hodi na karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kule Kendu Bay kuna Ziwa Simbi Nyaima, ambalo dana alitusimulia jinsi lilivyozamisha kijiji kizima kwa sababu walimfukuza bikizee aliyekuja kwenye mvua kuomba pa kujisitiri, akapokewa na mwanamke mmoja tu. Kwetu kosa ni kumnyima mtu karibu. Kwao neno hilo moja ukilitamka kwa asiyestahili umekwisha, na haliondoki. Dana alifurahia sana ubishi huo kati ya hadithi mbili, akasema kila nchi ina mlango wake. Katika msimu wa pili akina Salvatore wanamwandikia Elena hatimiliki ya nyumba yao wenyewe, ili yeye binadamu awe mwenye nyumba na vampaya adui asiweze kuingia bila ruhusa yake. Dana hakulazimika kuelezwa. Mtu aliyepigania shamba la marehemu mumewe anajua uzito wa jina kwenye karatasi.

Akatusimulia usiku huo juu ya Lwanda Magere wa Kano, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na hakuna mkuki uliompenya, mpaka mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba uhai wake uko kwenye kivuli. Nilielewa tamthilia vizuri zaidi baada ya hapo. Nguvu kubwa lazima iwe na upenyo, na anayeujua upenyo huo ni yule anayelala karibu nawe. Elena anajua kwamba kigingi cha mti kikimchoma Stefan moyoni kitamuua, kwamba mmea wa verbena unamuunguza, kwamba bila pete yake jua litamchoma. Anajua yote hayo na bado wanakaa pamoja. Kama binti yako amesikiliza hadithi za bibi yake, hawa wa kwenye runinga hawatamshangaza.

Misimu mitatu ya kwanza ni mizuri kwa sababu uchawi wake una bei, na mtu hulipa. Mfano ninaoupenda ni pete ya ukoo wa Gilbert, inayomrudishia mvaaji uhai akiuawa na kiumbe asiye wa kawaida. Alaric, mwalimu wa historia, anaivaa, anakufa na kurudi, anakufa na kurudi, na kufikia msimu wa tatu akili yake imepasuka: usiku anaua watu na asubuhi hakumbuki. Au Tyler, ambaye damu yake ina laana ya kugeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, lakini laana haiamki mpaka asababishe kifo cha mtu. Au Rose, vampaya wa miaka mingi, anaumwa na mbwa mwitu na anaoza taratibu akiwa kitandani kwa Damon. Sehemu hiyo ni ya 12 katika msimu wa pili. Mtazame na binti yako, ni nzito lakini nzuri.

Na Jenna. Karibu misimu miwili mizima wanamficha mama mdogo yule mambo yote, kila mmoja akiamini anamkinga. Anapojua, muda uliobaki ni mchache mno. Klaus, vampaya wa kale kuliko karibu wote, anamgeuza na kumtoa kafara. Shangazi yetu alikuwa akipita na ungo wa omena, akasimama, akauliza kwa nini tunalia. Tukamwambia yule aliyewalea watoto amekufa. Akaketi chini pale pale na ungo wake.

Sasa maonyo, dada, kwa sababu sitaki useme nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna damu nyingi, kuna pombe katika kila chumba, na kuna mapenzi ya kitandani, ingawa si ya kuonyesha kila kitu. Marekani waliiwekea alama ya miaka 14 kwenda juu. Hayo utayaona mwenyewe. Linalonitia wasiwasi zaidi ni Damon. Msimu wa kwanza anamteka akili Caroline, rafiki wa Elena, analala naye, anamnywa damu, kisha anamwamuru afiche alama za meno kwa skafu. Caroline hakuwa na hiari. Tamthilia inalipita jambo hilo kwa haraka, na baadaye inatuomba tumpende Damon, na Ian Somerhalder ni mzuri wa sura na ana maneno ya kuchekesha, kwa hiyo tunampenda. Mimi nilimpenda. Nilikuwa na miaka zaidi ya 20 ndipo nikarudia sehemu zile nikaona nilichokuwa nimekiruka. Usimwache binti yako afike umri huo peke yake. Muulize tu, Caroline alitaka? Atakujibu, watoto wa siku hizi wana akili.

Lingine ni Bonnie. Bonnie Bennett ndiye mchawi, na ndiye msichana mweusi katika kundi la marafiki watatu. Kila mtu anapotaka kuokolewa, Bonnie ndiye anayetoka damu puani. Bibi yake, aliyemfundisha uchawi kwa upole kama dana alivyotufundisha kusuka mikeka, anakufa msimu wa kwanza kwa kufungua kaburi ambalo Damon alitaka lifunguliwe kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hakuwemo. Mama yake anageuzwa vampaya msimu wa tatu ili Elena apone. Yeye mwenyewe anakufa zaidi ya mara moja kwa ajili ya wenzake. Na mji unasherehekea waasisi wake wa 1860 na kuendelea kwa magauni makubwa, Virginia ile, katikati ya vita vya kukomesha utumwa, na utumwa wenyewe hautajwi ila kwa kunong'ona. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukigombana na runinga. Yeye alikuwa akisema, mwacheni Bonnie apumzike! Kat Graham anaigiza uchovu ule kwa macho tu, na naamini aliuelewa kuliko waandishi. Mweleze binti yako amtazame Bonnie, si ndugu wale wawili tu.

Mwisho wa msimu wa tatu ndio kilele, na yule aliyekwambia uishie hapo ana hoja yake. Gari linatumbukia tena kwenye daraja la Wickery, safari hii Elena yumo na Matt, rafiki wa utotoni. Stefan anapiga mbizi. Wakati huo huo tunaonyeshwa usiku ule wa kwanza: Stefan alimfikia kwanza baba yake Elena, na baba akakataa, akaonyesha binti yake aokolewe kwanza. Elena naye sasa anakataa, anaonyesha Matt. Anakufa, na kwa kuwa tayari damu ya vampaya ilikuwa mwilini mwake bila yeye kujua, anafungua macho juu ya meza ya chumba cha maiti, naye sasa anageuka vampaya. Tuliitazama usiku, stima ikapotea dakika mbili kabla ya mwisho, tukamalizia asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Lakini ukiishia hapo utakosa sehemu ya 15 ya msimu wa nne, na kwangu hiyo ndiyo iliyobeba tamthilia nzima mgongoni. Jeremy ameuawa. Elena anakaa kando ya mwili akisema ataamka, ana pete. Wote chumbani wanajua pete haifanyi kazi tena, kwa sababu Jeremy amekuwa mwindaji wa vampaya mwenye nguvu zisizo za kawaida, na pete huwalinda watu wa kawaida tu. Anasubiri mpaka mwili unaanza kunuka. Ndipo anapoanza kumwaga mafuta sebuleni, achome nyumba na mwili ndani yake, watu waambiwe ni ajali. Damon, kwa kuona hawezi kumtuliza, anamwamuru auzime ubinadamu wake. Vampaya wa humu wanaweza kufanya hivyo, kama kuzima taa ukutani, wakaacha kuhisi.

Kwa Kiingereza wanatumia neno lao, lakini mimi katika kichwa changu nilisikia "kuzima utu", na kwa Kiswahili maana yake inakuwa nzito zaidi. Asiye na utu si kwamba hahisi tu. Hatuhesabu tena kuwa ni mtu. Na mimi nilikuwa nimeshaizima yangu. Kidato cha tatu nzima sikumwandikia mama barua hata moja. Ilipofika siku ya kumbukumbu ya baba niliomba kubaki shuleni, nikasema nina mtihani. Hakukuwa na mtihani. Nilikuwa nikipata alama nzuri, walimu wakinisifu kwamba nimejikaza, na ndani hamkuwa na kitu. Februari ile 2013 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na nilipomwona Elena anasimama mbele ya nyumba inayoungua uso mkavu, nililia kwa sauti mpaka mama akatoka jikoni. Hakuniuliza nalia kwa nini. Alinikumbatia, akanuka vitunguu na moshi, na hapo ndipo tulipoongea juu ya baba, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu 2010.

Msimu wa tano ni dhaifu. Watu wenye sura moja wanazidi, wasafiri wachawi wanakuja, na kifo kinakuwa kama safari ya Ahero, unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Jeremy ameshafufuka, na mwisho wa msimu wafu wanarudi kwa foleni kupitia kwa Bonnie. Bei iliyokuwa ikilipwa mwanzoni haidaiwi tena. Binti yako akiutazama huku anapiga pasi hatakosa kitu.

Kisha msimu wa sita unakuja na kusahihisha hilo hasa. Achana kidogo na Kai, mchawi muuaji aliyefungwa katika ulimwengu ambao kila siku ni tarehe 10 Mei 1994, ingawa Chris Wood anamwigiza vizuri mno. Zungumzia Caroline. Mama yake, Liz, ndiye mkuu wa polisi wa mji, mwanamke aliyeanza kwa kuwachukia vampaya na akaja kumpenda bintiye akiwa mmoja wao. Anapatikana na saratani. Damu ya vampaya huponya majeraha yote katika tamthilia hii, tumeiona ikiponya watu kwa misimu mitano. Caroline anamjaribishia mgonjwa mwingine wa saratani kwanza, anaonekana amepona, kwa furaha anampa mama yake. Ndipo yule wa kwanza anapoanza kuzidiwa. Damu haikuponya, iliharakisha ugonjwa.

Wakati huo nilikuwa chuoni Maseno, na mwenzangu wa chumba mama yake alikuwa na saratani ya titi, akipelekwa Eldoret kwa matibabu. Kulikuwa na mtu kijijini kwao aliyeuza dawa ya mitishamba akiapa kwamba inamaliza saratani. Waliuza ng'ombe wawili. Mama akaacha kwenda Eldoret kwa miezi mitatu, akaonekana ana nguvu, watu wakashukuru kanisani. Uvimbe ukaendelea kimya kimya. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja tukiangalia kwenye laptopu, na Caroline alipopokea simu ile mwenzangu akaamka akatoka nje. Nikazima. Alirudi baada ya nusu saa, akasema, washa, nataka kuona anamwambiaje mama yake. Sehemu ya 14 ndiyo Liz anapofariki, ya 15 ndiyo mazishi, Caroline anaimba, na baada ya mazishi anauzima utu wake. Mwenzangu alizitazama zote mbili bila kusema kitu, kisha akapiga simu nyumbani usiku ule ule, saa tano, akaongea na mama yake mpaka salio likaisha. Mama yule alifariki mwaka uliofuata. Mwenzangu bado hunitajia simu ile.

Hii ndiyo sababu nakataa neno ushetani. Sijaona kipindi kingine cha vijana kilichomwonyesha mtoto waziwazi hivyo kwamba uwezo wote wa dunia unaweza kufika kitandani kwa mama na usifae kitu.

Msimu wa sita unaisha kwa Elena kulazwa usingizi mrefu kwa uchawi wa Kai, asiamke maadamu Bonnie yu hai. Kweli yenyewe ni kwamba Nina Dobrev alikuwa anaondoka. Msimu wa saba bila yeye ni nyumba iliyohamwa. Watu wanaingia na kutoka, hakuna anayekaa. Wa nane ni mfupi, sehemu 16, una nguva wa baharini wanaoteka watu akili, na kengele na jehanamu, na una makosa, lakini unarudi nyumbani mwishoni. Kuna tamthilia mbili zilizozaliwa humo, The Originals inayomfuata Klaus huko New Orleans na Legacies ya shule ya watoto wenye uwezo. Ya kwanza ni ya watu wazima zaidi, isubiri. Ya pili binti yako anaweza kuitazama hata kesho.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Marekani tarehe 10 Machi 2017. Sisi tulingoja mpaka likizo ya Aprili, kwa sababu mdogo wangu alikuwa kidato cha nne na nilimwahidi sitaitazama bila yeye. Tukaketi sebuleni ile ile ya Manyatta. Kama hutaki kujua mwisho, ruka. Stefan anajitoa kafara akiwa amekuwa binadamu tena. Elena na Damon wanaishi maisha yao ya kawaida mpaka yanakwisha. Kisha Elena, akiwa kijana tena, anatembea kuelekea nyumba ile aliyoichoma msimu wa nne, imesimama nzima, na barazani wamo baba yake, mama yake na Jenna, wanamsubiri.

Mdogo wangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenizidi urefu, alisogea mbele kwenye kochi. Akasema, "Umeona? Hajapiga hodi."

Akaomba nirudishe nyuma, tukaiona tena baraza ile. Mvua ya jioni ikaanza kupiga mabati, na mama akatuita kutoka uani tukaanue nguo.